Kukwangulika bila Kubanduka: Ufafanuzi wa Istilahi za Matabaka ya Metali Yanayostahimili Oksidisho katika Joto Kali

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo la uhandisi kwa njia ya isimu. Jambo lenyewe ni hili: matabaka ya metali yanayopuliziwa ndani ya makasha ya mitambo ya gesi, ili mapanga ya mitambo hiyo yayakwangue, hustahimili vipi oksidisho katika joto kali? Msomaji wa jarida la Kiswahili ana haki ya kuuliza mada ya namna hii imefikaje katika kurasa hizi. Imefika kwa sababu ya kitenzi kimoja kilichotafsiriwa vibaya.

Miaka michache iliyopita mwandishi aliombwa ahakiki tafsiri ya mwongozo wa ukaguzi wa mtambo wa kufua umeme kwa gesi. Mfasiri alikuwa mtu makini na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, pale ambapo matini chasili ilieleza sifa ya tabaka la ndani ya kasha, yeye aliandika kwamba hilo ni "tabaka linalobanduka kwa urahisi". Matini chasili ilikusudia tabaka ambalo ncha ya panga inaweza kulikwangua kwa urahisi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini matokeo yake si madogo. Fundi aliyesoma tafsiri ile, akifungua kasha na kuona vipande vimebanduka, ataandika kwamba tabaka ni zima, kwa kuwa ameambiwa kubanduka ndiyo sifa yake. Kumbe kubanduka ndiko hasa kunakopaswa kumfanya azuie mtambo usiwashwe.

Hoja yetu ni kwamba sarufi ya Kiswahili, kwa mnyambuliko wa vitenzi vyake, tayari inatenganisha hali ambazo usalama wa matabaka haya unazitegemea, na kwamba oksidisho ndilo linaloweza kulitoa tabaka katika hali moja na kulitia katika nyingine. Mwanaistilahi asiyeelewa kinachotokea ndani ya tabaka hataiona tofauti hiyo. Na mhandisi asiyeizingatia sarufi hataweza kuiandika. Kwa hiyo tutaanza na mambo yanayojulikana nyumbani, kisha tutaeleza mtambo, tabaka na oksidisho, na mwisho tutarudi kwenye lugha.

2.0 Jembe, Sufuria na Ukoko

Mwandishi alilelewa Talatala, wilayani Kyela, katika tambarare ya mpunga iliyo kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kabla ya majembe ya kiwandani kuenea, watu wa tambarare hii walipata majembe na mikuki kutoka kwa Wakinga wa milima ya Livingstone, waliokuwa mahodari wa kuyeyusha na kufua chuma. Biashara hiyo imeelezwa na Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe, Godfrey Wilson.

Kazi ya mhunzi yeyote huacha vitu vitatu ambavyo mzungumzaji wa kawaida huweza kuvichanganya. Cha kwanza ni mavi ya chuma, yaani takataka za mawe na majivu zilizoyeyuka pamoja na mawe ya chuma katika tanuri. Cha pili ni magamba meusi yanayopukutika juu ya fuawe kila chuma chenye moto kinapopigwa nyundo. Cha tatu ni kutu, yaani unga mwekundu unaolishika jembe lililoachwa nje wakati wa masika. Cha pili na cha tatu vyote vinatokana na muungano wa chuma na oksijeni. Tofauti ni kwamba kutu huhitaji maji, ilhali magamba meusi hutokea katika hewa kavu alimradi joto ni kali. Makala haya yanahusu jamaa za magamba meusi, si kutu.

Sasa tutazame sufuria. Sufuria ya alumini haishiki kutu kama jembe, ingawa alumini huungana na oksijeni kwa wepesi kuliko chuma. Sababu ni kwamba mara tu uso wake unapokutana na hewa, alumini hujifunika kwa utando mwembamba wa oksidi, wenye unene wa nanomita chache, yaani sehemu chache za bilioni moja za mita. Utando huo umeshikamana na metali iliyo chini yake, hauna nyufa, na oksijeni hupenya ndani yake kwa shida kubwa. Ukikwaruza sufuria kwa mchanga, utando huondoka na mwingine hujiunda papo hapo.

Walaji wa mchele wa Kyela wanaweza kuulinganisha utando huu na ukoko. Ukoko haukupakwa kutoka nje. Umetokana na wali wenyewe uliokuwa karibu na moto. Sehemu ndogo ya wali imegeuka kuwa kitu kingine, nayo sasa imekaa kati ya moto na wali uliobaki. Ulinganisho huu una mipaka yake, kwa kuwa ukoko ukiachwa motoni huendelea kuungua, ilhali utando mzuri wa oksidi hukua polepole zaidi kadiri unavyozidi kuwa mnene. Hata hivyo unatufundisha jambo la msingi: katika joto kali, metali huokolewa na sehemu yake yenyewe iliyokwisha kuoksidika.

3.0 Mtambo wa Gesi na Nafasi ya Ncha ya Panga

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kutumika kufua umeme Ubungo, Dar es Salaam. Vituo vya Kinyerezi vilifuata katika muongo wa 2010. Mhunzi hufua chuma na kituo hufua umeme: kitenzi ni kimoja, na katika kazi zote mbili adui wa metali ni hewa yenye joto.

Mtambo wa gesi una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kompresa, ambayo ni safu nyingi za mapanga yanayozunguka na kuisukuma hewa katika nafasi inayozidi kuwa finyu. Ya pili ni chumba cha mwako, ambamo gesi huchomwa ndani ya hewa hiyo iliyoshindiliwa. Ya tatu ni safu za mapanga yanayozungushwa na hewa ya moto inayotoka katika chumba hicho. Mapanga haya ya mwisho huzungusha shafti, na shafti huzungusha kompresa na jenereta. Katika mitambo yenye mgandamizo mkubwa, hewa inayotoka katika kompresa hupita nyuzi 500 za Sentigredi hata kabla haijafika kwenye mwako.

Kati ya ncha ya panga na kasha kuna nafasi ndogo, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa sehemu za milimita. Nafasi hiyo ikiwa pana, hewa iliyosukumwa mbele hurudi nyuma juu ya ncha za mapanga, na mafuta au gesi nyingi zaidi huchomwa kwa umeme ule ule. Ikipanuka zaidi, mtiririko wa hewa katika kompresa unaweza kuvurugika ghafla. Kwa upande mwingine, nafasi ikiwa finyu mno, panga husugua kasha likiwa katika mwendo unaoweza kuzidi mita 300 kwa sekunde. Ncha huharibika, na katika kompresa zenye mapanga ya titani kusuguana huko kunaweza hata kuwasha moto ndani ya mtambo.

Mhandisi hawezi kuchagua nafasi moja ikatosha wakati wote. Mtambo unapowashwa, mapanga na kasha hupata joto na kutanuka kwa kasi tofauti. Shafti nayo hutikisika kidogo. Kwa hiyo kugusana hakuepukiki. Njia iliyopatikana ni kulipaka kasha, mkabala na ncha za mapanga, tabaka la metali linalokubali kuliwa. Panga likigusa, hukwangua tabaka na kujichongea njia yake, bila lenyewe kuumia. Aliyewahi kuishi katika nyumba ya sakafu ya udongo analijua jambo hili: mlango ulioshuka kidogo hukwangua sakafu kila unapofunguliwa, hata ukajichorea upinde wake. Baada ya hapo hufunguka bila kukwama, na upenyo chini yake hubaki mdogo kuliko ambavyo fundi angeweza kuupima.

4.0 Namna Tabaka Linavyotengenezwa

Upuliziaji wa metali kwa joto ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Max Ulrich Schoop wa Uswisi. Unga au waya wa metali huyeyushwa kwa mwali wa gesi, kwa cheche ya umeme au kwa plazma, kisha matone yake hurushwa kwa kasi kwenye uso uliokwisha kukwaruzwa ili ushike. Kila tone likigonga hubapa na kuganda. Tone hufuata tone, kama madonge ya udongo yanavyobamizwa ukutani wakati wa kukandika nyumba. Na kama ukuta uliokandikwa, tabaka linalopatikana si kitu kimoja kilicho imara kotekote; lina vinyweleo na mipaka mingi kati ya donge na donge.

Katika matabaka mengine vinyweleo ni kasoro, lakini katika tabaka la kukwanguliwa vinatakiwa. Kwa kawaida tabaka la namna hii huwa na sehemu tatu. Kuna metali inayolishikilia tabaka. Kuna kitu kilaini kinachovunja mshikamano wa metali hiyo, kama vile grafiti, nitridi ya boroni au udongo wa bentonaiti. Na kuna vinyweleo, ambavyo mara nyingi hupatikana kwa kuchanganya unga wa metali na poliesta, kisha kuichoma poliesta hiyo ili iache matundu. Chini ya tabaka lote huwekwa tabaka jembamba la kushikiza, kwa mfano la nikeli na alumini.

Uchaguzi wa mchanganyiko hutegemea joto la mahali. Alumini na silikoni pamoja na poliesta hufaa penye joto la nyuzi 300 hivi za Sentigredi. Nikeli na grafiti hutumika hadi kama nyuzi 480. Mchanganyiko wa nikeli, kromi na alumini pamoja na bentonaiti, au wa kobalti, nikeli, kromi, alumini na itriamu pamoja na nitridi ya boroni, huweza kutumika katika nyuzi 700 na zaidi. Panapopita nyuzi 1,000, wahandisi huacha metali na kutumia kauri ya zirkonia. Ngazi hii, kwa sehemu kubwa, ni ngazi ya oksidisho. Nikeli yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, lakini mchanganyiko wake na grafiti hauwezi kupelekwa huko, kwa sababu katika hewa grafiti huanza kuungua na kuondoka kama gesi kwenye nyuzi 500 hivi.

5.0 Kazi ya Oksidisho ndani ya Tabaka

Sayansi ya oksidisho katika joto kali ilipata misingi yake kati ya vita viwili vya dunia. Mwaka 1920 Gustav Tammann alionyesha kwamba, kwa metali nyingi, unene wa utando hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Maana yake ni kwamba ikiwa saa moja imezaa utando wa unene mmoja, saa nne zitazaa unene wa mbili, na saa mia moja zitazaa unene wa kumi tu. Mwaka 1933 Carl Wagner alieleza sababu: utando wenyewe ndio njia ambayo chembe za metali au za oksijeni lazima zipite, na njia hiyo hurefuka kila utando unapokua. Kabla yake, mwaka 1923, Pilling na Bedworth walikuwa wamelinganisha ujazo wa oksidi na ujazo wa metali iliyoizaa. Uwiano huo ni takriban 1.28 kwa alumini, 1.65 kwa nikeli na 2.07 kwa kromi. Oksidi, basi, huhitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyotoweka.

Kwa sahani nzima ya metali, habari hii ni njema: utando hufunga uso na mambo hutulia. Kwa tabaka lenye vinyweleo hali ni tofauti. Hewa huingia ndani kupitia matundu, na kila ukuta wa kila tundu hugeuka kuwa uso wa kuoksidika. Tabaka jembamba huwa na uso wa ndani mkubwa mara nyingi kuliko ule unaoonekana. Matokeo yake tunaweza kuyagawa katika makundi manne.

Kwanza, metali yenye manufaa huisha. Katika mchanganyiko wenye alumini, alumini ndiyo inayotangulia kuungana na oksijeni na kujenga utando mzuri. Lakini kuta za matundu ni nyembamba na akiba yao ya alumini ni ndogo. Ikiisha, kromi na nikeli huanza kuoksidika, na oksidi zao hukua haraka zaidi.

Pili, tabaka huwa gumu. Oksidi ni ngumu kuliko metali, na kwa kuwa huhitaji nafasi kubwa zaidi, hujaza vinyweleo vilivyowekwa kwa makusudi. Panga lililozoea kukwangua kitu kilaini sasa hukutana na kitu kinacholisaga lenyewe.

Tatu, kitu kilaini hupotea. Grafiti huungua, nitridi ya boroni hustahimili zaidi, lakini nayo katika joto kali sana hugeuka kuwa oksidi ya boroni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 450 hivi. Mahali pa kitu kilaini pakibaki patupu, mshikamano wa tabaka hupungua.

Nne, mpaka kati ya tabaka na kile lilichoshikizwa hudhoofika. Hewa iliyopenya vinyweleo hufika kwenye tabaka la kushikiza na kujenga utando huko. Mtambo unapozimwa, metali na oksidi hunywea kwa viwango tofauti, na utando hupasuka. Ukiwashwa na kuzimwa mara nyingi, nyufa huungana, na kipande kizima hubanduka na kuchukuliwa na upepo kuelekea safu za mapanga zinazofuata. Hapa ndipo itriamu inapoonyesha thamani yake: ingawa huwa chini ya asilimia moja ya mchanganyiko, huusaidia utando wa alumini kushikamana na metali.

Upimaji wa mambo haya una mtego wake. Njia ya kawaida ni kuweka vipande vya tabaka katika tanuri, kuvitoa kwa vipindi na kuvipima uzito. Kuongezeka kwa uzito huonyesha oksijeni iliyoingia. Lakini tabaka lenye grafiti hupoteza uzito kwa kuungua wakati huo huo linapoongeza uzito kwa kuoksidika. Mizani inaweza kuonyesha kwamba hakuna kilichobadilika, ilhali karibu kila kitu kimebadilika. Kwa sababu hiyo watafiti huambatanisha uzito na kipimo cha ugumu, na picha za hadubini za tabaka lililokatwa.

6.0 Kauli ya Kutendeka na Hali Tatu za Tabaka

Turudi sasa kwenye lugha. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha kwamba kauli ya kutendeka katika Kiswahili ina matumizi mawili: hueleza hali ambayo kitu kimefikia, na hueleza uwezekano wa kitu kutendwa. Kitenzi kilekile huweza kubeba maana zote mbili:

(1) a. Wali huu unalika.
    b. Jembe hili limelika.

Katika (1a) wali unafaa kuliwa. Katika (1b) jembe limekwisha kupungua. Msikilizaji husaidiwa na viambishi vya njeo, na pia na ujuzi wake wa wali na majembe. Fundi mwanafunzi hana ujuzi wa namna hiyo kuhusu matabaka ya mtambo. Kwake maneno ndiyo mwongozo wa pekee.

Kwa bahati, vitenzi vinavyoishia na -ua hutenganisha maana hizo kwa maumbo mawili:

(2) a. Panga linakwangua tabaka.
    b. Tabaka limekwanguka.
    c. Tabaka linakwangulika.

(3) a. bandua, banduka, bandulika
    b. fungua, funguka, fungulika
    c. chubua, chubuka, chubulika

Umbo la -uka hueleza jambo linalokipata kitu bila kumhitaji mtendaji. Umbo la -ulika, ambamo konsonanti l iliyodondoshwa kihistoria hujitokeza tena, humdokeza mtendaji hata asipotajwa: kitu kinakwangulika kwa kuwa kipo chenye kukikwangua. Ni kweli kwamba mpaka huu haulindwi daima. Katika ukanushi tunasema "mlango huu haufunguki", tukimaanisha kwamba hauwezi kufunguliwa. Lakini kuwapo kwa matumizi hayo hakuondoi ukweli kwamba lugha ina umbo la pili lililo wazi zaidi, na istilahi ndipo mahali pa kulitumia umbo lililo wazi zaidi.

Tukitumia maumbo haya, hali za tabaka tulizozieleza katika sehemu ya 5.0 zinaweza kuandikwa hivi:

(4) a. Tabaka linakwangulika, wala halibanduki.
    b. Tabaka halikwanguliki, wala halibanduki.
    c. Tabaka linabanduka.

Hali ya (4a) ni ya tabaka zima. Hali ya (4b) ni ya tabaka lililogeuzwa gumu na oksidi. Kwa macho linaonekana imara, na fundi anaweza kulisifu, kumbe linakula ncha za mapanga. Hali ya (4c) ni ya tabaka ambalo utando umelikata kutoka kwenye mashiko yake. Oksidisho huweza kulitoa tabaka katika (4a) na kulipeleka (4b), au (4c), au kulipitisha (4b) kwanza na (4c) baadaye. Kulitengeneza tabaka linalostahimili oksidisho ni kulirefushia muda wake katika (4a). Ufafanuzi huu haukuhitaji neno hata moja la kigeni zaidi ya oksidi na oksidisho.

Je, haifai kuunda kivumishi kifupi, kwa mfano kwangulifu? Kiambishi -fu kimezaa istilahi nzuri kama nyumbufu, kutokana na nyumbuka. Lakini kivumishi cha namna hii huelekea kutaja tabia ya kitu chenyewe: mdanganyifu hudanganya, mvumilivu huvumilia. Tabaka kwangulifu lingeweza kueleweka kuwa tabaka lenye tabia ya kukwangua, na hapo tungerudi palepale mfasiri wetu alipoteleza. Tunapendekeza, basi, tabaka la kukwangulika, na nomino yake ukwangulikaji; na kwa kasoro iliyo kinyume, mbanduko.

7.0 Kutu na Utando, Ukinzani na Ustahimilivu

Istilahi mbili zaidi zinahitaji uamuzi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, ilijenga msingi wa msamiati wa kemia tunaoutumia, na mwongozo wa Tumbo-Masabo na Mwansoko wa mwaka 1992 ulisisitiza utaratibu katika kuunda istilahi. Kinachobaki ni kuutumia utaratibu huo katika nyanja ambazo hazikuguswa.

Istilahi ya kwanza ni ya oksidi inayofunika metali katika joto kali. Wapo wanaoiita kutu. Neno hili linafaa kwa jembe, lakini limebeba hukumu: kutu daima ni uharibifu. Fundi akiambiwa kwamba tabaka "limeshika kutu", atatafuta namna ya kuisugua, na kwa kufanya hivyo atauondoa utando unaolilinda na kuipunguza akiba ya alumini. Tunapendekeza utando kwa oksidi iliyoshikamana, gamba kwa oksidi iliyopasuka na kuanza kutoka, na kutu ibaki kwa oksidi ya chuma inayotokana na maji. Maneno yote matatu yamo vinywani mwa watu. Lililo jipya ni kuyawekea mipaka.

Istilahi ya pili ni ya sifa yenyewe. Neno ukinzani limekwisha kutumika katika fizikia kwa kile kinachozuia umeme, na wengine hulitumia hapa pia. Lakini mwenye kukinza hukataa. Metali tunazozizungumzia hazikatai kuoksidika. Huoksidika kwanza, tena upesi, kisha utando uliozaliwa huchelewesha kinachofuata. Mwenye kustahimili ndiye hupatwa na jambo na akabaki. Kwa hiyo ustahimilivu wa oksidisho husema kweli zaidi kuliko ukinzani wa oksidisho, na humkumbusha msomaji kwamba ustahimilivu una mwisho: akiba ya alumini ikiisha, nao umekwisha.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sifa moja ya uhandisi wa kisasa, ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina jina katika Kiswahili, ina nafasi yake tayari katika mnyambuliko wa vitenzi vyetu. Tabaka zuri linakwangulika wala halibanduki, na oksidisho ndilo linaloweza kuivunja sentensi hiyo katika nusu yake ya kwanza au ya pili. Mapendekezo yetu ya istilahi ni machache, na wahandisi wana haki ya kuyakataa wakiona hayawafai kazini. Lakini wayakataa kwa kuyapima dhidi ya kinachotokea ndani ya kasha, si kwa dhana kwamba Kiswahili hakina neno.

Katika shule zetu nyingi za sekondari sayansi ingali inafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wa mafundi wetu hujifunza kazi wakiwa kazini, kwa maelezo ya mdomo ya fundi mkubwa. Maelezo hayo ni ya Kiswahili. Swali lililo mbele yetu, basi, si kama Kiswahili kitatumika ndani ya mitambo hii, kwa kuwa kinatumika. Swali ni kama kitatumika kwa usahihi. Ile sentensi ya mwongozo tuliyoanza nayo ilirekebishwa hatimaye, nayo ilisomeka hivi: "Hakikisha kwamba tabaka la ndani ya kasha linakwangulika. Ukiona mahali palipobanduka, usiwashe mtambo."